Maisha ya Imamu Ahmad bin Ibrahim wa Harar

Twapenda kumweleza msomaji habari za Imamu Ahmad bin Ibrahim, ambaye Wasomali humwita Gurey, yaani mtu wa shoto.

Huenda msomaji wetu wa Kawajense akauliza vita vya Habeshi vyamhusu nini. Na ajue ya kwamba Wareno walioiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka wa 1505 ndio walioichoma Zeila mwaka wa 1517, na ndio waliokuja kupigana na Imamu huyu.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1506 katika nchi ya Adal. Akamwoa Bati Del Wambara, binti wa Mahfudh, liwali wa Zeila, aliyeuawa vitani na Wahabeshi. Alipopata nguvu katika Harar hakutwaa cheo cha usultani, bali aliitwa Imamu tu.

Mwezi wa Machi 1529, mahali paitwapo Shimbra Kure, alikutana na mfalme Lebna Dengel aliyekuwa na jeshi kubwa kuliko lake, akamshinda. Hata hivyo ilimpasa kurudi kwao, akaingia tena Habeshi mwaka wa 1531, na kwa miaka michache akawa ameishika sehemu kubwa ya nchi ile. Lebna Dengel akafa mwaka wa 1540, mfalme asiye na makao.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wengi hulipita. Katika vita hivyo makanisa mengi yalichomwa, na hata kanisa kuu la Maryamu katika Aksum likaharibiwa. Nayo Aksum ndiyo makao ya Najashi, yule mfalme Mkristo aliyewapokea Masahaba walipokimbia mateso ya Makureshi, akakataa kuwatoa. Wako wanaolihesabu jambo hili kuwa fahari. Sisi hatulihesabu hivyo, ingawa twausifu ushujaa wa Imamu.

Mwaka wa 1541 Wareno mia nne walishuka Massawa, mkuu wao Cristóvão da Gama, mwana wa yule Vasco da Gama aliyefika pwani yetu mwaka wa 1498. Imamu akaomba msaada kwa Waturuki wa Zabid, wakampa watu wa bunduki na mizinga. Mwezi wa Agosti 1542, katika Wofla, Wareno walivunjwa, na mkuu wao akakamatwa akauawa.

Lakini Imamu alidhani kazi imekwisha, akawarudisha Waturuki walio wengi, akabakiwa na kama mia mbili. Wareno waliosalia wakaungana na mfalme kijana Galawdewos. Tarehe 21 Februari 1543, katika Wayna Daga, karibu na ziwa la Tana, Imamu alipigwa risasi akafa, na watu wake walipopata habari wakatawanyika. Kwa kutwa moja tu, kazi ya miaka kumi na minne ikapotea, na Habeshi ikabaki nchi ya Kikristo.

Bati Del Wambara alirudi Harar. Mwanawe alikuwa mateka wa Wahabeshi, naye Minas, ndugu yake Galawdewos, alikuwa mateka wa Waislamu, akiwa amepelekwa kwa Waturuki ng'ambo ya bahari. Basi wakabadilishana, kila mama akapata wake. Baadaye aliolewa na Amir Nur bin Mujahid, ndiye aliyeujengea Harar ukuta, na mwaka wa 1559 jeshi lake Nur likamwua Galawdewos. Akatawala baada yake Minas, yule aliyerudishwa.