Michael Faraday: mtoto wa mfua chuma aliyetufungulia njia ya umeme

Grupe inayowaka mbele ya duka na mitambo ya Ruzizi inayopeleka umeme Bukavu vinafanya kazi kwa sheria moja. Aliyekuwa wa kwanza kuitangaza ni Mwingereza mmoja aliyesoma shule kidogo sana: kusoma, kuandika na hesabu ndogo, basi. Jina lake Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa tisa 1791, karibu na London. Baba yake alikuwa mfua chuma, mara nyingi mgonjwa, na nyumbani feza zilikuwa shida. Akiwa na miaka 13 Michael alianza kutumwa-tumwa na George Riebau, muuza vitabu. Mwaka uliofuata akaanza kujifunza kazi ya kushona vitabu, na kazi hiyo ilimchukua miaka 7. Lakini yeye hakushona tu, alivisoma pia. Ndani ya kitabu kimoja alikuta habari za umeme, akaanza kufanya majaribio yake mwenyewe kwa vyombo vya bei ndogo.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kusikiliza mafundisho ya Humphry Davy, mwanakemia mkubwa wa Royal Institution. Faraday aliandika kila kitu, akashona maandishi yake yakawa kitabu, akamtumia Davy na kumwomba kazi. Mwezi wa tatu 1813 akaingia kama msaidizi. Kisha wakasafiri pamoja Ulaya hadi 1815. Safarini bibi ya Davy alimtendea kama boyi wa nyumba, lakini alivumilia juu ya kujifunza.

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark alionyesha kama waya yenye umeme inasukuma sindano ya dira. Mwaka 1821 Faraday akaenda mbele. Alisimamisha sumaku ndani ya kikombe cha zebaki, ile dawa ya majimaji wachimba dhahabu wetu wanaijua. Juu yake akatundika waya, ncha yake ikigusa zebaki. Alipopitisha umeme wa betri, waya ikaanza kuzunguka sumaku bila kusimama. Hiyo ndiyo mota ya kwanza: umeme unaingia, mzunguko unatoka.

Furaha haikudumu. Watu walisema amechukua wazo la mwanasayansi William Wollaston bila kumtaja. Na mwaka 1824, alipoombewa kuingia Royal Society, chama cha wanasayansi, mtu aliyempinga ni Davy mwenyewe, yule yule aliyemfungulia mlango. Hata hivyo walimpokea.

Swali moja lilibaki: kama umeme unaleta nguvu ya sumaku, je, sumaku inaweza kuleta umeme? Wengi waliweka waya karibu na sumaku wakangoja. Hakuna kitu. Tarehe 29 mwezi wa nane 1831, Faraday alizungushia pete ya chuma waya mbili, kila moja upande wake. Alipounganisha waya ya kwanza kwa betri, sindano ya kupima kwenye waya ya pili iliruka, kisha ikatulia. Alipokata umeme, ikaruka tena. Kumbe siri ni mabadiliko! Mwezi wa kumi akasukuma sumaku ndani ya waya iliyokunjwa kama bomba: ikiingia, umeme unapatikana, ikitulia, hakuna, ikitoka, umeme unarudi kwa upande mwingine. Mwisho wa mwezi huo akazungusha sahani ya shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa, akapata umeme usiokatika. Hiyo ndiyo jenereta ya kwanza.

Ndiyo maana tunasema mota na jenereta ni mapacha. Ukitia umeme, inazunguka. Ukizungusha, inatoa umeme. Esansi ya grupe haigeuki kuwa mwanga yenyewe, kazi yake ni kuzungusha. Ruzizi, maji ndiyo yanazungusha. Mzunguko ukisimama, giza.

Hesabu za juu Faraday hakuzijua. Alifikiri kwa kuchora mistari ya nguvu kuzunguka sumaku, na baadaye James Clerk Maxwell aliyageuza mawazo hayo kuwa hesabu. Alikuwa mtu wa dini, na yeye na bibi yake Sarah hawakupata mtoto. Lakini alipenda kufundisha watoto sayansi wakati wa Noeli, na mafundisho hayo ya Royal Institution yangali yanaendelea. Alikataa cheo cha heshima cha Sir, akakataa pia kuwa prezidenti wa Royal Society.

Alikufa tarehe 25 mwezi wa nane 1867, katika nyumba aliyopewa na malkia Victoria, bila kuona miji ikiwaka kwa umeme. Vijana wetu wanaofungua mota zilizoungua ili kukunja waya upya wanashika mkononi kazi yake ile ile: waya, chuma na sumaku. Naye pia alianza kama mwanafunzi wa fundi.