Emil Zátopek na Mkewe Dana

Tarehe 19 Septemba mwaka 1922 watoto wawili walizaliwa katika miji miwili ya Chekoslovakia, nchi iliyokuwa katikati ya Ulaya. Mmoja alikuwa mwana wa seremala, akaitwa Emil Zátopek. Wa pili alikuwa msichana, akaitwa Dana. Wazee wao hawakujuana, wala hakuna aliyejua kwamba watoto hao wataoana, na kwamba sifa zao zitaenea duniani.

Nyumbani kwao Emil watoto walikuwa wengi na mali ilikuwa haba. Kwa hiyo alipokuwa kijana alikwenda mji wa Zlín kufanya kazi katika kiwanda cha viatu cha Bata, jina ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki wamelisoma juu ya viatu vyao wenyewe. Siku moja katika mwaka 1941, mwalimu wa michezo wa kiwanda alimchagua kwenda kushindana mbio. Emil hakutaka, alisema kuwa hana nguvu. Akapelekwa kwa daktari, na daktari akamwona ni mzima kabisa. Basi hakuwa na budi kukimbia. Vijana walikuwa wapata 100, naye akawa wa pili. Tangu siku ile alizipenda mbio.

Emil hakukimbia kwa madaha. Kichwa chake kiliyumba, na uso wake ulikunjamana kama uso wa mtu mwenye maumivu makali. Waliomwona mara ya kwanza walidhani kuwa ataanguka. Walakini hawakujua jinsi alivyojizoeza. Alikimbia mita 400 kwa nguvu, akaenda polepole kidogo apate pumzi, kisha akarudia, mara 20, hata mara 40 kwa siku moja. Alipokuwa askari alijizoeza katika viatu vizito vya jeshi, hata wakati wa theluji.

Dana naye alipenda michezo tangu utoto. Kwanza alicheza mpira wa mikono, kisha akajifunza kutupa mkuki. Mwaka 1948 wote wawili walikwenda London kwa Michezo ya Olimpiki, mahali wanaposhindana watu wa mataifa mengi. Emil akashinda mbio za mita 10,000. Dana akawa wa saba. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wakaoana.

Miaka minne baadaye michezo ilikuwa katika mji wa Helsinki, nchi ya Ufini. Kabla ya kuondoka likatokea jambo zito. Katika wakimbiaji wa Chekoslovakia alikuwapo kijana mmoja, Stanislav Jungwirth. Baba yake alikuwa amefungwa kwa ajili ya mambo ya siasa, na kwa sababu hiyo wakubwa wa serikali walimkataza mwana asisafiri. Emil aliposikia alikasirika sana. Akakataa kupanda ndege bila mwenzake, ingawa alijua kwamba yeye mwenyewe aweza kupoteza safari, na kazi, na uhuru wake. Wenzao wakaenda, yeye akabaki. Baada ya siku chache wakubwa walikubali, na wote wawili wakasafiri.

Huko Helsinki Emil alishinda mbio za mita 10,000. Tarehe 24 Julai 1952 akashinda tena, mbio za mita 5,000. Katika mzunguko wa mwisho watu watatu walikuwa mbele yake, naye akawapita wote. Dana aliichukua nishani ya mumewe, akaitia katika mfuko wake iwe ya bahati, akaenda uwanjani. Mara ya kwanza tu alipotupa, mkuki ukafika mita 50 na sentimita 47, na hakuna mwanamke aliyempita. Hivyo mume na mke wakapata dhahabu siku moja. Hata siku ya tatu yake, Emil alikimbia mbio ndefu za marathoni, ambazo ni zaidi ya maili 26. Hakuwa amezikimbia hata mara moja maishani mwake, naye akazishinda. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyezishinda mbio hizo tatu katika Olimpiki moja.

Emil hakuzishikilia nishani zake kwa uchoyo. Mwaka 1966 alitembelewa na Ron Clarke wa Australia, mkimbiaji hodari ambaye hakupata kamwe dhahabu ya Olimpiki. Walipoagana, Emil alimtilia mkononi kifurushi kidogo. Clarke alipokifungua baadaye, aliona ndani yake nishani moja ya dhahabu ya Helsinki.

Mwezi wa Agosti mwaka 1968 majeshi ya Urusi na ya wenziwe yaliingia Chekoslovakia. Emil, aliyekuwa mkubwa katika jeshi la nchi yake, alisimama mbele ya watu katika mji wa Prague akalipinga jambo lile waziwazi. Kwa hiyo alifukuzwa jeshini, akapelekwa mashambani kuchimba ardhi kwa mitambo. Alilala mbali na nyumbani, na mkewe alimwona kwa nadra. Hali hiyo iliendelea miaka. Mwisho mtu yule aliyewachosha wakimbiaji wa dunia nzima alichoka mwenyewe, akayakana hadharani maneno aliyoyasema. Wako rafiki waliomlaumu. Dana hakumwacha. Alikuwa naye siku ya dhahabu, akawa naye siku ya aibu.

Mwaka 1990, utawala ule ulipokuwa umekwisha kuanguka, Emil alirudishiwa heshima yake. Alikufa mwezi wa Novemba mwaka 2000, naye Dana akaishi mjane mpaka Machi 2020, akafa akiwa na umri wa miaka 97. Hawakuacha watoto.

Watu wengi huwakumbuka kwa dhahabu nne walizozileta nyumba moja kutoka Helsinki. Ni haki. Walakini afadhali tukumbuke pia ndege iliyoondoka bila Emil kwa ajili ya mwenzake, na mke aliyemngoja mumewe miaka ile ya taabu. Mtu hodari naye huchoka, na hapo ndipo ajuapo mwenzi wake ni nani.