Walter Clement Noel, mgonjwa wa SS asiyetajwa jina
Kisangani, familia nyingi zinajua maumivu ya SS. Lakini ni wachache wanaomujua Walter Clement Noel.

Alizaliwa mwaka 1884 katika kisiwa cha Grenada. Mwaka 1904 akaenda Chicago, Marekani, kusomea uganga wa meno. Mwezi wa 12 akaingia hospitali na kikohozi na homa. Daktari kijana, Ernest Irons, akaangalia damu yake kwa mikroskopu: chembe zingine zilikuwa zimepinda kama mundu. Mkubwa wake, James Herrick, akaandika habari hiyo mwaka 1910, bila kutaja jina la mgonjwa.

Noel hakuacha masomo. Alipata diploma 1907, akarudi kwao kutibu meno. Alikufa 1916 juu ya ugonjwa wa mapafu, hajafikia hata miaka 35.

Hakulogwa. SS inatoka kwa baba na mama, wote wawili wakiwa AS bila kuugua. Katika kila mimba yao, mtoto anaweza kuwa SS mara moja kati ya nne. Ndio sababu wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani walipima damu ya watoto wachanga. Wachumba nao wapime mbele ya ndoa.