Indira Miri: Mwalimu wa Mpakani

Mjadala wa lugha ya kufundishia hautakamilika bila kumkumbuka Indira Miri. Bibi huyu alizaliwa Shillong, kaskazini-mashariki mwa India, mwaka 1910. Mumewe, Mahi Chandra Miri, afisa wa misitu, alifariki mapema na kumwachia watoto wa kulea. Ujane haukumkatiza safari ya elimu. Alivuka bahari akaenda kusomea ualimu Edinburgh.

Mwaka 1947 alikabidhiwa elimu ya eneo la mpakani ambalo leo ni jimbo la Arunachal Pradesh. Makao yake yalikuwa Sadiya. Milimani huko shule zilikuwa haba, na kila jamii ilikuwa na lugha yake. Alianzisha shule, akaandaa walimu na kuwahimiza wajifunze lugha za wenyeji. Zilzala ya tarehe 15 Agosti 1950 iliiharibu vibaya Sadiya, lakini kazi haikukoma. Baadaye aliongoza chuo cha ualimu Jorhat. Alitunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 1977, akaaga dunia mwaka 2004.

Maisha yake yanatufunza kuwa mwalimu apelekwaye ugenini sharti kwanza awe mwanafunzi wa wenyeji.