Kenyatta na karo ya mtoto wa maskini

Mzee Jomo Kenyatta alifia kwetu Mombasa, katika Ikulu, tarehe 22 Agosti 1978. Sisi wapwani tukimtaja huanza na mashamba, na tuna haki yetu. Lakini mimi kila nikipita Kenyatta Market hapa Nairobi, pale kwa wachoma nyama na wasusi wa nywele, humkumbuka kwa jambo jengine: karo ya shule.

Jina lake la utotoni lilikuwa Kamau wa Ngengi. Alikuwa ameshafiwa na babake alipoingia shule ya misheni ya Waskochi kule Thogoto mwaka 1909. Hapo aliosha vyombo, akapalilia bustani, akafundishwa useremala. Alipoomba ajifunze uashi wa mawe, wamisionari walimkatalia. Zama hizo Mwafrika alipimiwa elimu kama anayepimiwa sukari ya mkopo dukani. Miaka ya 1920 alikuwa akisoma mita za maji za manispaa ya Nairobi, kisha akaenda Uingereza, na mwaka 1938 akachapisha kitabu chake juu ya mila za Wakikuyu. Hayo wengi tunayajua.

Ninalolipenda mimi ni la Githunguri. Aliporudi mwaka 1946 alishika uongozi wa chuo cha walimu kilichojengwa kwa michango ya wanakijiji, watu waliochoka kungojea hisani ya misheni. Mwaka 1952 yeye alikamatwa, chuo kikafungwa pamoja na shule nyingi za wenyeji, na hapo hapo palipokuwa pakifundishwa walimu, mkoloni akaweka kitanzi cha kunyongea watu.

Nadhani ndiyo sababu, alipopata madaraka, aliamini mno harambee. Watu wachange, wajenge, serikali itasaidia baadaye. Shule zikaota kila mahali, hata sekondari za harambee na za watu binafsi zikazidi zile za serikali kwa idadi. Lakini mchango hufuata mfuko. Palipo na kahawa na chai na watu wenye mishahara, shule zilisimama. Mvuvi wa Lamu au mkulima wa mnazi kule Kwale angechanga nini? Tena nyingi ya shule hizo hazikuwa na maabara wala walimu waliosomea kazi, na karo yake mara nyingi ilikuwa kubwa kuliko ya shule za serikali. Kwa hivyo mtoto wa maskini alilipa zaidi akapata kidogo.

Sikukuu ya Jamhuri mwaka 1973 Mzee alitangaza kuondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne. Waliojiandikisha darasa la kwanza wakapanda kutoka kiasi cha 380,000 hadi zaidi ya 950,000 mwaka 1974. Subhanallah, watoto wote hao walikuwa wapi? Walikuwa majumbani, kwa kukosa karo tu. Lakini madarasa hayakutosha wala walimu, na fedha za karo hazikufidiwa sawasawa, basi shule zikaanza kutoza mchango wa ujenzi. Pengine ukapita ile karo iliyofutwa. Wengi wakarudi nyumbani kimya kimya, bila ya tangazo.

Simlaumu kwa kutangaza. Namlaumu kwa kuacha mlango wa mchango wazi, yeye aliyeosha vyombo shuleni akijua vyema ufukara ni nini.

Kutoka hilo soko lenye jina lake hadi Kibera ni mwendo wa miguu. Karo ya msingi ilifutwa tena mwaka 2003, lakini shule za serikali zilizo karibu na Kibera ni chache na zimejaa, kwa hivyo wazazi wengi huwapeleka watoto katika shule za mabati za watu binafsi, ambako hulipa kila mwezi au kila muhula. Msusi anayesimama tangu asubuhi akisuka nywele za watu huitoa karo hiyo katika ujira wa vidole vyake, na mwanawe hufanya mtihani ule ule wa taifa anaofanya mtoto wa Kileleshwa.