Lyndon Johnson na mpaka wa mimbari

Kila uchaguzi ukikaribia, huku kwetu pwani wagombea huikumbuka njia ya msikitini, na bahasha mkononi. Ndiyo maana leo nawasimulia maisha ya Lyndon Johnson, Mmarekani aliyeweka mpaka kati ya ibada na kampeni, ingawa hakukusudia.

Alizaliwa Texas mwaka 1908. Ujanani alisomesha watoto mafukara wa Kimeksiko katika mji wa Cotulla, kisha siasa ikamchukua. Aliingia Bungeni mwaka 1937. Mwaka 1948 alishinda mchujo wa Seneti kwa kura 87 tu, na tuhuma za wizi wa kura hazikumwacha tena.

Mwaka 1954 alikuwa akitetea kiti hicho. Mashirika yaliyosamehewa kodi yakasambaza maandishi ya kumpiga vita, yakidai kuwa ni mlegevu mbele ya ukomunisti. Tarehe 2 Julai akasimama Seneti, akapendekeza kipengele kifupi katika sheria ya kodi: shirika lenye msamaha huo lisijitie katika kampeni ya mgombea. Kikapita bila mjadala, na Agosti Rais Eisenhower akaitia saini sheria. Johnson hakuwa na ugomvi na makanisa, lakini nayo yamo katika fungu hilohilo, pamoja na misikiti.

Novemba 1963 Kennedy aliuawa, Johnson akawa Rais. Alipoisukuma Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, makanisa mengi yaliipigania pamoja naye. Kipengele chake hakikuyazuia, kwa kuwa kupinga ubaguzi si kumnadi mgombea. Vita vya Vietnam vikamchosha. Mwaka 1968 akakataa kugombea tena. Alifariki Texas, Januari 1973.

Kipengele kilibaki na meno. Kanisa moja la upande wa Binghamton, New York, lilitangaza magazetini mwaka 1992 kumpinga Bill Clinton. Likanyang'anywa msamaha wake.

Nia ya Johnson siisifu; alikuwa akilinda kiti. Lakini mpaka wenyewe nauona ni wa haki. Imamu na akemee rushwa, unyakuzi wa ardhi na mihadarati inayotumalizia vijana. Akishataja jina la kupigiwa kura, nusu ya safu itaswali nyuma yake na donge moyoni. Bahasha huisha wiki moja. Donge hilo halishi upesi.