Sayyidna Umar (R.A.): Kadari haimfungi mja mikono



Ndugu msomaji, ikiwa kila kitu ulimwenguni kinakwenda kwa kanuni alizoziweka Muumba, mwanadamu amebakiwa na hiari gani? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Huko Kasulu na Kibondo huwafika wazazi malaria inapomchukua mtoto: je, chandarua kingemwokoa, au siku yake ilikuwa imetimia? Tulitafutie jibu katika maisha ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.).

Alizaliwa Makka takriban mwaka 584, katika ukoo wa Bani Adiy, na ujanani alichunga ngamia wa baba yake. Alisilimu kabla ya Hijra, na mwaka 634 akawa Khalifa wa pili.

Mwaka 639 alifunga safari ya Sham. Alipofika Sargh, makamanda wake, akiwemo Abu Ubayda bin Jarrah, walimpa habari ya tauni ya Amwas. Akataka shauri la Muhajirina, kisha la Ansari, wote wakahitilafiana. Wazee wa Kikuraishi wakasema kwa kauli moja kuwa arudi, naye akaazimia kurudi Madina. Abu Ubayda akahoji iwapo huko si kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kwamba hata kurudi ni kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mwingine mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mola. Ndipo Abdulrahman bin Auf akaleta mafundisho ya Mtume, kwamba penye tauni pasiingiwe, wala aliyomo asitoke kwa kuikimbia. Abu Ubayda alibaki na watu wake, na tauni ile ikamuua.

Tuzingatie hapa. Lau maradhi yangekuwa hayana kanuni, kurudi kwa Umar kusingekuwa na maana yoyote. Kanuni hazikumwondolea hiari. Ndizo zilizoifanya hiari yake iwe na kazi.

Hata hivyo, alijua kuwa hiari ina kipimo. Katika mwaka wa ukame mkubwa uliojulikana kama Ramada, alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi, kwani aliyebanwa na njaa hachagui kama aliyeshiba.

Mei 2015 wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, walipatwa na kipindupindu. Wengi walivushwa kwa meli hadi Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Hiari yao ilikuwa finyu. Iliyokuwa pana ni ya wenye meli, maji safi na dawa. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuzuia maradhi, akakaa kitako na kuyaita kadari, ameutupa mzigo wake mwenyewe.

Umar alichomwa kisu akisalisha alfajiri, Madina, mwaka 644. Akijua kuwa hatapona, aliteua watu sita wamchague Khalifa atakayemfuatia. Ajali yake ilikuwa imeandikwa. Wajibu wake aliutimiza hadi mwisho.